Foili ya kuzuia joto haifanyi kazi bila nafasi ya hewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie foili ya alumini, ile karatasi ya kung'aa inayofungwa chini ya mabati na ndani ya kuta za chuma ili kuzuia joto. Biashara ya bidhaa hii imekua haraka kuliko uelewa wake. Mnunuzi anayeingia dukani anakutana na roli zinazofanana kwa mng'ao, nyingi zikiwa zimeandikwa namba kubwa ubavuni, bila neno hata moja la kumweleza namba hiyo ilipatikana foili ikiwa imepangwa vipi. Wengi huishia kununua karatasi nzuri, wakaifunga mahali isipoweza kusaidia, kisha wakawatangazia majirani kwamba foili ni utapeli. Mimi nasimamia kazi za majengo ya fremu za chuma, na kwa niliyoyaona naamini kwamba foili ni kitu cha kweli kabisa, ila inauzwa kana kwamba inafanya kazi peke yake.

Bati lililopigwa na jua la mchana hufikia kwa urahisi nyuzi 60 au 70 za selsiasi. Kutoka hapo joto linaweza kushuka ndani kwa kupitia vitu vinavyogusana, kwa kubebwa na hewa inayotembea, au kwa mnururisho, yaani miale isiyoonekana ambayo kila kitu chenye joto huitoa. Chini ya paa, hewa iliyopashwa na bati ni nyepesi, hivyo hubaki juu palepale badala ya kushuka, na hewa iliyotulia ni mpitishaji hafifu wa joto. Kwa hiyo kinachompiga mtu kichwani anapoingia kwenye ghala la mabati saa nane mchana ni mnururisho kwa sehemu kubwa, na mnururisho una tabia yake: mwanafizikia Josef Stefan alionyesha mwaka 1879 kwamba nguvu yake hufuata kipeo cha nne cha halijoto halisi (yaani namba ya halijoto ikizidishwa kwa yenyewe, ikitokea mara nne), ile inayohesabiwa kuanzia sifuri ya kelvini. Ndiyo maana bati likizidi joto kidogo tu, mateso ya walio chini yake huongezeka zaidi ya mtu anavyotarajia.

Sifa inayoifanya alumini iwe na thamani hapa ni kiwango chake cha kutoa mnururisho, ambacho hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1. Mbao, saruji, jipsamu, matofali na bati lililopakwa rangi huwa karibu na 0.9, wakati foili safi ya alumini huwa kati ya 0.03 na 0.05, maana yake ni kwamba huirudisha sehemu kubwa sana ya miale inayoifikia, na yenyewe ikipata joto huitoa miale kwa uchache vilevile. Tuchukue bati lenye nyuzi 65 na dari yenye nyuzi 35. Kama nyuso zote mbili ni za kawaida, mnururisho unaoshuka ni takriban wati 188 kwa kila mita ya mraba. Uso mmoja kati ya hizo mbili ukiwa foili safi, kwa halijoto zilezile, unabaki kama wati 11. Katika paa la mita za mraba 100 hiyo ni tofauti kati ya kuwa na kilowati karibu 19 juu ya vichwa vya watu na kuwa na kilowati moja na kidogo. Hakuna ujanja katika hesabu hiyo, na hakuna kitu kingine chembamba kiasi hicho kinachoweza kufanya kazi kama hiyo.

Lakini hesabu yote hiyo ina sharti moja, nalo ni kwamba uso unaong'aa uwe umetazamana na nafasi ya hewa. Alumini ni miongoni mwa metali zinazopitisha joto vizuri sana, na mara inapobanwa ikagusana na bati upande mmoja na ubao upande mwingine, hakuna tena mnururisho wa kuurudisha, kwa kuwa joto linavuka kwa kugusana tu. Chupa ya chai ni mfano ambao kila mtu anao nyumbani: ile iliyobuniwa na James Dewar mwaka 1892 ina kuta mbili zilizopakwa fedha na kati yake pametolewa hewa, na mng'ao wa kuta hizo usingekuwa na maana yoyote kama zingegandamizwa pamoja.

Niliwahi kuitwa kukagua ofisi moja ya fremu za chuma na mabati, ambayo watumishi wake walilalamika kwamba kuta zinawaka mchana ingawa foili ilikuwa imewekwa na risiti zipo. Tulipofungua skrubu za ubao mmoja wa ndani upande wa magharibi, tuliikuta foili imebanwa kati ya bati na ubao, imekunjamana kufuata migongo ya bati, na kila ilipogusana na mgongo ilikuwa imekwaruzika hadi mng'ao ukatoweka. Ukiweka kiganja juu ya ubao wa jirani ambao bado haujafunguliwa, hukivumilii kukaa. Chumba cha pili, kwenye ukuta huohuo, fundi alikuwa ameishiwa na mbao nyembamba akatumia papi nene kushikilia ubao, hivyo kukawa na nafasi ya karibu vidole vitatu kati ya foili na ubao. Ubao wa chumba hicho ulikuwa na joto la chumba, basi. Foili ilitoka kwenye roli moja, na aliyeifunga ni fundi yuleyule. Mwenye jengo alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya kiyoyozi cha pili, kumbe alichokosa ni kipande cha mbao.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mnunuzi lisiwe unene wa bidhaa bali ni wapi katika paa au ukuta wake itapatikana nafasi ya hewa, na upana wake ni kiasi gani. Chini ya milimita 20 faida hupungua haraka, na mimi sikubali chini ya 25 kwa kuwa foili hulegea na mafundi hawapimi kwa rula. Hapa ndipo foili ya viputo, ile yenye matabaka ya plastiki yaliyojaa hewa katikati, inapowapoteza watu wengi. Viputo vya milimita 5 vina ukinzani wa joto, yaani thamani ya R, wa takriban 0.2 kwa vipimo vya metriki, wakati pamba ya kioo ya milimita 100 ina karibu 2.5. Kwa maneno mengine, tofauti ya nyuzi 30 ikiwa kati ya uso wa juu na uso wa chini wa viputo hivyo, wati kama 150 kwa kila mita ya mraba hupenya kwa njia ya kugusana peke yake. Viputo vinaipa foili uimara wa kushikika na kuvutwa bila kuchanika, na hilo ni jambo zuri, lakini havichukui nafasi ya hewa inayotakiwa nje yake. Namba kubwa ya R iliyoandikwa kwenye roli ya namna hiyo inaweza kuwa ya kweli, ila ni namba ya mfumo mzima, pamoja na nafasi za hewa za juu na za chini ambazo muuzaji hakuzitaja na ambazo fundi hatazijenga kwa kuwa hakuambiwa.

Tena namba hiyo hubadilika kufuatana na upande joto linakoelekea. Joto likishuka, hewa iliyo katika nafasi hutulia na foili hufanya kazi yake kwa ukamilifu. Joto likipanda, kama ilivyo katika nyumba inayopashwa moto ndani wakati wa baridi, hewa hiyohiyo huzunguka na kulibeba, na faida ya foili hupungua sana. Anayejenga penye baridi kali anahitaji kwanza kihami kinene cha pamba ya kioo, pamba ya mawe au povu gumu, foili ikiwa msaidizi tu. Anayejenga penye jua kali anaweza kuipa foili kazi kubwa zaidi. Hata huko penye jua matarajio yawe ya kiasi. Wizara ya Nishati ya Marekani hutaja upungufu wa asilimia 5 hadi 10 ya gharama za kupoza nyumba inapowekwa foili darini katika maeneo ya joto na jua, kwa sababu joto huingia pia kwa madirisha, milango, kuta na hewa inayovuja. Jengo la chuma lisilo na dari na lisilo na kiyoyozi hunufaika kwa namna nyingine, yaani wanaofanya kazi chini ya paa wanaacha kuchomwa vichwa na mabega, hata kama kipimajoto cha ukutani hakionyeshi mabadiliko makubwa.

Kuhusu uso upi utazame wapi, watu hubishana sana, na jibu linatokana na vumbi. Foili iliyolazwa juu ya dari ikitazama bati hufanya kazi vizuri mwanzoni, kisha vumbi hutua juu yake. Pitisha kidole kwenye foili iliyokaa darini muda mrefu, utabaki mfereji wa kung'aa katikati ya kijivu. Vumbi hilo likipandisha kiwango cha kutoa mnururisho kufikia 0.5, zile wati 11 nilizozitaja zinakuwa kama 109, na mwenye nyumba hajui kwa nini joto limerudi. Uso unaotazama chini haukusanyi vumbi. Kwa hiyo foili yenye uso mmoja wa kung'aa ifungwe juu, chini ya papi au chini ya kenchi, uso wa kung'aa ukitazama nafasi ya hewa iliyo chini yake. Wapo wanaoshangaa kwamba uso unaotazama mbali na jua unaweza kuzuia joto la jua, lakini foili iliyopata moto bado hutoa miale kwa uchache sana, na hicho ndicho tunachokitaka kwake.

Dukani, mnunuzi asiridhike na mng'ao. Baadhi ya bidhaa ni foili halisi ya alumini iliyogandishwa juu ya kitambaa cha plastiki au karatasi ngumu, na nyingine ni plastiki iliyopuliziwa mvuke wa alumini mpaka ikapata ngozi nyembamba kupindukia. Inua kipande dhidi ya jua au taa. Kama kinapitisha mwanga na hakina matundu yaliyotobolewa kwa makusudi, unashika plastiki iliyopuliziwa. Si kila plastiki ya namna hiyo ni mbaya, maana zipo zilizokingwa vizuri, lakini zisizokingwa huliwa na unyevu hadi alumini ikaondoka na kuacha plastiki ya maziwamaziwa isiyorudisha chochote. Kwa upande mwingine, kinga ikiwa ni nene mno inaua ile sifa tuliyoifuata, kwa kuwa macho yanaona mng'ao wakati miale ya joto inakutana na plastiki. Ndiyo maana naomba watu wadai kuonyeshwa cheti cha kipimo cha kiwango cha kutoa mnururisho. Viwango vya ASTM, shirika la Marekani linaloweka viwango vya vifaa, vinataka kisizidi 0.1 kwa bidhaa inayoitwa kizuizi cha mnururisho, na muuzaji asiyekuwa na namba hiyo hana cha kukuuzia zaidi ya mapambo.

Unyevu ni suala linalostahili uangalifu kuliko linavyopewa. Usiku wa anga safi, bati hutoa joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Hewa ya ndani yenye nyuzi 25 na unyevunyevu wa asilimia 80 huanza kutoa matone inapogusa kitu chenye nyuzi 21 tu, hivyo alfajiri bati hudondosha maji juu ya bidhaa, mitambo na vitanda. Foili iliyofungwa vizuri, ikiwa imeachana na bati, hubaki na joto karibu na la ndani na huizuia hewa yenye mvuke isilifikie bati. Lakini foili isiyo na vitobo haipitishi mvuke kabisa, na ikiwekwa upande usiofaa wa pamba ya kioo huunasa unyevu ndani ya pamba hadi ikalowa na papi zikashika kutu. Kanuni ni kwamba kizuizi cha mvuke kikae upande wenye joto na unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika nyumba inayopashwa moto, upande huo ni wa ndani. Katika jengo lenye kiyoyozi penye joto na unyevunyevu, ni wa nje. Foili itakapokaa upande wa pili, ichaguliwe ile yenye vitobo vidogo. Maungio yapishane milimita 150 na kufungwa kwa utepe wa alumini, kwa sababu mvuke haupiti katikati ya karatasi, unapita pale fundi alipofanya haraka.

Sasa umeme, na hapa naomba wasomaji wanisikilize kwa makini kwa sababu watu wamekufa. Alumini inapitisha umeme kama inavyopitisha joto, na karatasi moja ya foili inaweza kuufikisha umeme wa waya uliochubuka kona moja hadi kwa mtu aliyepiga magoti kona ya pili. Australia ilianzisha mpango wa serikali wa kuweka vihami joto majumbani mwaka 2009, kazi ikafanywa kwa haraka na vijana wengi wasio na mafunzo, na mafundi wanne wakapoteza maisha, watatu kwa kupigwa na umeme. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakifunga foili kwa pini za chuma zilizotoboa nyaya zilizofichika. Serikali ilipiga marufuku pini za chuma, kisha Februari 2010 ikasimamisha matumizi ya foili katika mpango huo, na baadaye mpango wenyewe ukafutwa. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka 2014. Yaliyojifunzwa kwa gharama hiyo ni mepesi kutekeleza: umeme wa nyumba nzima uzimwe kwenye swichi kuu kabla mtu hajapanda darini, foili isilazwe juu ya nyaya, vifungio viwe vya plastiki au viwekwe mahali palipothibitishwa kuwa hapana waya, na fundi umeme akague kabla ya umeme kuwashwa. Mwajiri asiyetaka kuzima umeme kwa saa chache ili kazi isikwame hafai kupewa kazi ya dari.

Moto nao usisahaulike, kwani plastiki ya viputo huyeyuka karibu na nyuzi 110 na nyingi huwaka na kudondosha matone ya moto. Bidhaa itakayobaki wazi juu ya vichwa vya watu, kama inavyokuwa katika karakana na maghala, lazima iwe na cheti cha kipimo cha moto cha bidhaa nzima na si cha foili peke yake. Alumini pia huliwa na saruji mbichi, na ikigusana na shaba au na mbao zilizotiwa dawa zenye shaba huoza haraka penye unyevu.

Nataka pia kusema jambo ambalo wauzaji wa foili hawalipendi. Mwenye paa la rangi nyeusi au hudhurungi iliyoiva anaweza kupata nafuu kubwa kwa kulipaka rangi nyeupe kabla hajanunua roli hata moja, maana rangi nyeusi hunywa takriban asilimia 90 ya nguvu ya jua na nyeupe safi hunywa kati ya 20 na 30. Foili ifuate baada ya hapo, kwa joto litakalobaki.

Ndugu Mhariri, nakuandikia wewe na si wauzaji kwa sababu gazeti lako huchapisha matangazo ya vifaa vya ujenzi. Tangu mwaka 1980 kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani imedhibiti namna thamani ya R inavyotangazwa kwa wenye nyumba, kwa kuwa ilionekana kwamba mnunuzi hana njia yoyote ya kuihakiki mwenyewe akiwa dukani. Gazeti halihitaji kungoja sheria ya namna hiyo. Naomba kila tangazo la foili linaloletwa kwenu likiwa na thamani ya R litaje, katika mstari huohuo na kwa herufi za ukubwa uleule, upana wa nafasi ya hewa iliyotumika katika kipimo, idadi ya nyuso za kung'aa zilizotazamana na nafasi hiyo, na kama joto lilikuwa linashuka au linapanda. Mtangazaji mwenye cheti halali anayo majibu hayo matatu mezani kwake, na asiyekuwa nayo arudishiwe tangazo lake.

Wako katika ujenzi,
Msimamizi wa majengo ya chuma